Siku ya mapumziko, twendeni Mabira

Ndugu wafanyakazi wa viwanda vya Jinja, nanyi mnaokata miwa Kakira na Lugazi, siku yetu ya mapumziko tunaitumiaje? Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa saa 24 mfululizo baada ya siku sita za kazi. Wengi wetu tunazimaliza kilabuni, kisha tunarudi kazini tukiwa tumechoka vile vile.

Msitu wa Mabira uko kando ya barabara ya Jinja na Kampala. Panda basi au teksi, ushuke Najjembe, pale panapouzwa kuku wa kuchoma na gonja. Toka Jinja hapafiki kilomita 30. Ndani mna njia fupi ambazo hata mzee na mtoto wanaziweza, mna kivuli, kima, na aina zaidi ya 300 za ndege.

Wako wasemao kwamba matembezi ni anasa ya watalii. Hatukubali. Mwaka 2007 lilipotolewa shauri la kukata karibu robo ya msitu huu ipandwe miwa, tuliambiwa kazi zitaongezeka. Wananchi waliandamana Kampala, wengine wakafa, na shauri likasimamishwa. Msitu uliolindwa kwa damu ya raia hauwezi kuwa wa mgeni peke yake.

Tunashauri kila tawi lichange nauli na kwenda pamoja na familia, Jumapili moja kila mwezi. Msitu tusioujua hatutautetea.