Shule Isiyo na Wasaa

Neno "shule" tunalitamka kila siku, walimu na wanafunzi, bila kujiuliza lilikotoka. Kiswahili kililipokea kutoka Kijerumani, "Schule", enzi za utawala wa Wajerumani huko Tanganyika. Wazanzibari nao husema "skuli", kutokana na Kiingereza. Maneno haya ni ndugu: yote asili yake ni Kilatini "schola", nacho Kilatini kililiazima kutoka Kigiriki cha kale, "skholē".

Je, Wagiriki walikusudia nini? Si jengo, si kengele, wala si mtihani. Skholē ilikuwa wasaa: muda ambao mtu amepumzika na kazi za lazima. Baadaye neno likabeba maana ya mazungumzo ya kielimu yaliyofanywa katika wasaa huo, kisha mahali yalipofanyiwa. Kinyume chake kilikuwa "askholia", yaani pilikapilika. Tazama ajabu hiyo: neno la shughuli waliliunda kwa kukanusha neno la wasaa! Aristotle naye alishikilia kwamba binadamu hushughulika ili apate wasaa.

Sikusudii kuwapamba Wagiriki. Wasaa huo ulikuwa wa wachache, na watumwa ndio walioulipia kwa jasho lao. Wala sisi wanaisimu hatudai kwamba asili ya neno ni hukumu juu ya matumizi yake ya leo. Maana hubadilika. Hata hivyo, neno hili linatukumbusha jambo tulilolisahau.

Mwanafunzi wetu huamka kabla ya alfajiri na kukariri hadi usiku. Likizo ikifika, huitwa tena kwa masomo ya ziada, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza jambo hilo. Huyo yumo katika askholia, hata kama langoni pameandikwa "shule".

Matunda yake huyaona darasani mwangu chuoni. Vijana huja na fasili walizozihifadhi neno kwa neno, lakini nikiwauliza maoni yao hunyamaza, kalamu mkononi, wakingoja niwaambie la kuandika. Hao si wajinga. Hawakupewa muda wa kuwaza.

Walimu wenzangu, likizo ni ya mwanafunzi. Tumwachie asome kitabu kisichotahiniwa, aulize wazee, acheze, afikiri. Hapo ndipo shule ilipoanzia.