Nyumba ya Pombe Nayo Ni Urithi

Kila mara tunapozungumuza juu ya mila, mwenzetu moja anasimama na kusema: «Nganda si mila, ni mahali pa walevi.» Mimi nakataa. Na nitatoa mfano wa mbali, wa Uingereza, ili mtu asiseme kama natetea nganda ya mtaa wangu.

Huko Himley, jimbo la Staffordshire, kulikuwa nyumba iliyojengwa mwaka wa 1765 kuwa nyumba ya shamba. Miaka ya 1830 ikageuka nyumba ya kunywea bia. Chini yake watu walichimba makaa ya mawe mpaka udongo ukashuka. Sisi watu wa migodi tunajua mambo hayo. Upande moja ukazama zaidi ya mita moja kuliko mwingine, kuta na milango vikalala. Ukiweka gololi juu ya meza, uliiona kama inapanda mlima. Watu wakaiita Crooked House, ni kusema Nyumba Iliyopinda.

Miaka ya 1940 ilihukumiwa kuwa ya hatari. Lakini kampuni moja ya bia ikainunua, ikaiegemeza kwa vyuma na nguzo, ikaiacha imepinda vilevile. Hiyo ndiyo akili! Kilema chake kilikuwa historia ya wachimbaji wa sehemu ile.

Kiisha, Julai 2023 ikauzwa. Usiku wa tarehe 5 Agosti ikawaka moto, na polisi wakauchunguza kama moto wa kuwashwa makusudi. Tarehe 7 Agosti mashine ikaiangusha yote, na baraza la wilaya lilikuwa limekubali tu sehemu fulani za juu ziondolewe. Zaidi ya miaka 250 ikaisha kwa siku mbili! Juu ya nini? Juu haikuwa katika orodha ya taifa ya majengo yenye kulindwa. Watu waliipenda sana, lakini mapendo bila karatasi hayazuii mashine.

Mwingine atasema: «Ni matofali tu, wajenge ingine.» Kweli, Februari 2024 baraza liliamuru wenye nyumba waijenge tena kama ilivyokuwa, kwa muda wa miaka mitatu; wao wakakata rufaa. Na kule London, Carlton Tavern iliyobomolewa bila ruhusa mwaka wa 2015 ilijengwa tena tofali kwa tofali, ikafunguliwa mwaka wa 2021. Ni vizuri, sheria iwe na meno. Lakini fundi atapindisha ukuta kwa hesabu. Wale wachimbaji walioupindisha bila kutaka hawatarudi.

Basi, tunapopanga orodha ya mila zetu, tusiishie kwa ngoma na vinyago. Tuandike pia mahali ambapo wazee wanaketi, wanakunywa na kupatanisha watu, hata kama pananuka pombe. Na tuandike sasa, mbele ya moto.