Kabla hujabeba kisu, soma kwanza

Mitihani ilinibana, ndo maana nikawa kimya. Leo nina jambo moja tu.

Wiki mbili zilizopita mwenzangu wa chumbani alipigwa kabali usiku akitoka kupiga msuli. Vibaka wakaondoka na simu pamoja na kompyuta yenye utafiti wake wote. Tangu siku ile anatembea na kisu mfukoni. Na sio yeye peke yake, chumba cha jirani wameanza kuulizana bei ya bastola kama vile wanaulizia feni!

Mi sio mtaalamu wa silaha. Ila kwa hasira nilizokuwa nazo niliamua kuwasoma wale wanaofundisha mambo haya huko Marekani, ambako bastola ni kitu cha kawaida. Nilitegemea waniambie nunua hii, lenga pale. Nimekuta mengine kabisa.

Jeff Cooper alikuwa mwanajeshi wa Marine, na mwaka 1976 alianzisha shule ya kufundisha bastola kule Arizona. Kitabu chake Principles of Personal Defense (1972) ni kidogo, unakimaliza kwa siku moja. Ana kanuni saba, na ya kwanza sio shabaha, ni kuwa macho. Kwenye mafunzo yake alitumia pia rangi: nyeupe ni mtu asiye na habari na kinachoendelea, njano ni aliyetulia ila anaona kila kitu. Sasa jamani, sisi tunaotoka maktaba saa sita usiku na muziki masikioni, macho kwenye simu, tuko rangi gani?

Wa pili ni Massad Ayoob, aliyekuwa polisi na mwalimu wa silaha. In the Gravest Extreme (1980) kwa sehemu kubwa kinaongelea sheria: lini unaruhusiwa kutumia silaha, na nini kinakupata baadaye. Jibu lake ni kwamba mpaka uhai wa asiye na hatia uwe hatarini pale pale na njia nyingine hakuna. Simu haimo humo. Na kwetu Tanzania Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakuruhusu kujitetea, ila kwa nguvu inayolingana na hatari. Kibaka akishakimbia na simu, ukamfukuza ukamchoma kisu mgongoni, mshtakiwa ni wewe.

Halafu kuna Dennis Tueller, polisi wa Salt Lake City. Mwaka 1983 aliandika kwamba mtu wa kawaida anakimbia futi 21, yaani kama mita sita na nusu, ndani ya sekunde moja na nusu hivi. Huo ndio muda anaotumia mtu aliyefundishwa kuchomoa bastola na kufyatua. Aliyefundishwa! Sasa wewe mwenye kisu chini ya funguo na chenji, tena umeshakabwa kwa nyuma, utakitoa saa ngapi? Kwa mawazo yangu, hicho kisu unambebea kibaka.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote hakina mambo ya bastola kivile. Ni The Gift of Fear cha Gavin de Becker (1997). Hoja yake ni yale tunayoita machale: yakikucheza, usiyapuuze kwa kuogopa kuonekana mshamba au huna adabu. Akina dada hiki kiwahusu zaidi. Mtu ukimwambia hapana, sihitaji msaada, naye bado anang'ang'ania kukubebea begi mpaka mlangoni, de Becker anasema huyo anataka kukutawala. Ondoka.

Kwa hiyo ushauri wangu: anzeni na de Becker, halafu Ayoob, Cooper awe wa mwisho. Cooper ni mkali na anaongea kama mtu ambaye bastola iko kiunoni muda wote, hapo mchukue la kuwa macho, mengine mwachie mwenyewe.

Mwenzangu nimempa cha de Becker, yuko katikati. Kisu bado hajakiacha, tumebishana mpaka tumechoka. Ila jana alinisubiri nje ya maktaba nusu saa nzima ili turudi pamoja. Mi naona hiyo ndo silaha.

Sijui nyie mnaonaje? Usiku mwema, na msitembee peke yenu.