Sarafu za dhahabu Uholanzi: Mnunuzi ajue analipia nini

KILA bei ya dhahabu inapopanda, wenye akiba huzikimbilia sarafu. Lakini je, mnunuzi hulipia dhahabu yenyewe au sura ya sarafu?

Tuchukue mfano wa sarafu mbili za Uholanzi. Ya kwanza ni ya gulden 10, iliyotolewa kati ya 1875 na 1933. Ina uzani wa gramu 6.729, na dhahabu tupu iliyomo ni gramu sita hivi. Ya pili ni ya yuro 10, iliyotolewa 2006 kuadhimisha miaka 400 tangu azaliwe mchoraji Rembrandt. Dhahabu yake ni karibu kiasi hicho hicho.

Hata hivyo, ile kuukuu, isipokuwa ya miaka adimu, huuzwa kwa bei inayokaribia thamani ya dhahabu iliyomo. Ya Rembrandt ilikusudiwa wakusanyaji, nao hulipia pia mng'aro na uchache wake. Siku ya kuuza, sonara hupima gramu tu.

Sheria ya Umoja wa Ulaya huondolea sarafu za uwekezaji ushuru wa VAT, mradi bei isizidi thamani ya dhahabu kwa zaidi ya asilimia 80. Pengo hilo ni pana mno. Anayelipa yuro 180 kwa dhahabu ya yuro 100 bado huitwa mwekezaji, ilhali karibu nusu ya pesa zake hazimo katika dhahabu.

Anayekusanya kwa mapenzi hana lawama. Anayeweka akiba ya uzeeni na apige hesabu ya gramu kwanza. Mali bila daftari huisha bila habari.