KIBABA CHA MWAKA 2002

Katika kata ya Ilomba, mjini Mbeya, kama katika kata nyingi za nchi hii, limekuwa jambo la kawaida mzazi kuitwa shuleni akasikilize habari ya upungufu wa fedha. Ama mlinzi hajalipwa, ama karatasi za mtihani hazijapigwa chapa, ama uji umekwisha na baridi ya Juni imeingia. Mzazi huondoka akinung'unika kwamba Mwalimu Mkuu hajui kutunza fedha, na Mwalimu Mkuu hubaki akilalamika kwamba wazazi wa siku hizi wana mikono mizito. Sisi twaona kwamba wote wawili wanalaumiana bure, na aliye na jawabu la kutoa hayupo mkutanoni.

Hapana shaka tutaulizwa: nyinyi watu wa visiwani mna haja gani na Ilomba? Haja tunayo. Mchele wa Mbeya umo katika vyungu vyetu, na maradhi yanayoisumbua Ilomba nasi tunayajua. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alitangaza elimu bila malipo Unguja na Pemba. Miaka ilipopita, michango ya wazazi ikarejea. Basi tunapoisema Ilomba, hatusemi habari za wageni.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2001 Serikali ya Rais Mkapa iliondoa ada katika shule za msingi, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Katika mpango huo kila mwanafunzi alipimiwa dola 10 kwa mwaka, ambazo wakati ule zilikuwa kiasi cha shilingi 10,000. Fedha hizo ziliitwa ruzuku ya uendeshaji, na katika miaka kabla ya 2016 asasi kama Twaweza na HakiElimu zilichunguza zikaona kwamba shule nyingi hazikupata hata kiasi hicho kwa ukamilifu.

Kisha ukaja Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, na Januari 2016 elimu bila malipo ikaanza mpaka kidato cha nne. Tuseme haki: lilikuwa jambo kubwa na jema. Serikali ilianza kutoa kiasi cha shilingi bilioni 18.77 kila mwezi, na fedha zikapelekwa moja kwa moja katika akaunti za shule, zisipite mikononi mwa watu wengi njiani. Watoto waliokuwa wakichunga ng'ombe na kuuza karanga barabarani wakaandikishwa. Katika nchi nzima wanafunzi wa msingi, waliokuwa kiasi cha milioni 8.3 mwaka 2015, walipita milioni 10 mwaka 2019. Na Jiji la Mbeya lenyewe, lililohesabiwa watu 385,279 katika sensa ya 2012, lilikuwa na watu 541,603 mwaka 2022.

Lakini kibaba cha kumpimia mtoto kilikuwa kile kile cha mwaka 2002. Shilingi 10,000, na katika hizo, 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zilizokwenda shuleni. (Hizo za vitabu nazo zina kisa chake. Mwaka 2017 vitabu vya Taasisi ya Elimu vilikutwa na makosa hata ikawa fedheha.) Mfanyabiashara yeyote atakwambia kwamba mwenye duka atakayeuza sukari leo kwa bei ya mwaka 2002 atapata wateja wengi sana asubuhi, na kabla ya adhuhuri atafunga mlango. Na hapana atakayesema kwamba alifilisika kwa sababu wateja ni wabaya au mpimaji wake ni mwizi. Amefilisika kwa sababu ya bei.

Hebu tuipige hesabu ya shule moja yenye watoto elfu moja, nazo si haba mijini. Elfu sita mara elfu moja ni shilingi milioni sita kwa mwaka, yaani laki tano kwa mwezi. Kwa mtoto mmoja ni shilingi 500 kwa mwezi, sarafu moja tu. Ukizigawa kwa siku 194 za masomo, mtoto huyo anapata kiasi cha shilingi 31 kwa siku. Shilingi 31 hazinunui peremende, nazo zatakiwa zitoshe chaki, karatasi, mitihani, kitasa kilichovunjika, dawati lililong'oka mguu na mpira wa watoto. Zile dola 10 nazo zimeliwa na thamani ya shilingi: mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,500, hata elfu kumi ile haikufika dola nne. Hatukusikia Bunge likipiga kura ya kumpunguzia mtoto fedha zaidi ya nusu, lakini amepunguziwa.

Hapa ndipo michango inapozaliwa. Waraka unasema mzazi ataleta sare, madaftari na chakula cha mtoto wake, na kwamba mchango mwingine ni wa hiari na uwe na kibali. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni, na wazazi wengi walifurahi, nasi hatuwalaumu, kwani palikuwapo watoto waliorudishwa nyumbani kwa kukosa shilingi elfu mbili. Ila marufuku haileti chaki. Ikiwa kibaba hakikuongezwa na mchango umekatazwa, Mwalimu Mkuu amebaki na njia mbili: aache shule ichakae, au aombe kwa siri. Kumtia mtu katika njia mbili kama hizo, kisha kumhukumu kwa ile aliyoichagua, si uadilifu.

Wako watakaotuonyesha majengo. Kweli, mwaka 2021 zilitolewa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, yakajengwa madarasa 15,000, elfu kumi na mbili ya sekondari na elfu tatu ya shule shikizi. Sisi twayasifu madarasa hayo. Lakini jengo hufunguliwa kwa utepe na hotuba, na chaki haina sherehe. Kila darasa jipya ni mlango mpya wa gharama: litataka kufagiwa, kupakwa rangi, kulindwa usiku. Anayejenga chumba bila kuongeza fedha za kukitunza ameongeza upungufu, ijapokuwa picha yake gazetini ni nzuri.

Wengine watasema Serikali haina fedha. Labda. Lakini watu wa Ilomba si kwamba hawalipi. Mfanyabiashara hutozwa na Halmashauri ushuru wa huduma, kwa kadiri ya mauzo yake, apate faida asipate. Mwenye nyumba hulipa kodi ya majengo, ambayo zamani ilikusanywa na Halmashauri, mwaka 2016 ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 yakatwa anaponunua umeme wa LUKU. Analipa gizani ili apate mwanga, na hapana anayemwambia ni senti ngapi katika hizo zilizofika katika shule anayoiona dirishani mwake. Mtu huyo huyo akiitwa kikaoni achangie mlinzi, ana haki ya kuuliza.

Kwa hivyo twataka mambo haya. Kibaba kipimwe upya kila mwaka wa bajeti kwa bei za sokoni, kama kila mwenye duka anavyofanya. Halmashauri ya Jiji itenge katika mapato yake fungu la shule lenye jina lake, lisichanganywe na mengineyo. Na kila shule ibandike ukutani, mahali mzazi anapoweza kusoma, fedha iliyoingia na iliyotoka mwezi ule, pamoja na michango na stakabadhi zake. Jambo hili la mwisho halingoji Dodoma. Kamati ya Shule yaweza kulifanya Jumatatu. Mwalimu Mkuu mwaminifu halitamdhuru, bali litamkinga, kwa kuwa wazazi wataona kwa macho yao kwamba laki tano zilikuwa laki tano.

Hotuba ya bajeti husomwa mwezi wa Juni, nayo hujaa matrilioni. Tungependa Mheshimiwa Waziri atamke tarakimu moja ndogo: mtoto mmoja wa darasa la kwanza pale Ilomba, kwa bei za mwaka huu, ni shilingi ngapi?