Kwa milima ya Uluguru, intakula ya mbele

Kwenye lami ya kwenda Dodoma intakula (kipoza hewa ya turbo) ya aina yoyote inatosha, lakini huku kwetu hapana. Pandisha Mgeta kutokea Mzumbe ukiwa na mzigo: gia ya kwanza na ya pili, upepo hakuna. Intakula inayolala juu ya injini, kama ya Subaru Forester ya turbo, inabanikwa na joto la chini yake, na gari linaishiwa nguvu. Ya mbele ya rejeta ina bahati: feni huvuta hewa kupitia humo hata gari likitambaa. Ila matope ya masika yakikauka kwenye mapezi yake, hata rejeta inakosa hewa. Jamani, oshea presha ndogo, mapezi yasilale! Intakula inayopozwa kwa maji inafaa kasi ya muda mfupi. Mlima mrefu huyapasha maji yenyewe, na pampu yake ikifa, spea utaisubiri sana.