Mbele ya treni, tuangalie njia ya shamba

Wakulima wenzetu, siku hizi habari za reli zinasikika kila upande. Kule Tanzania, tangu mwaka 2024, treni ya umeme inabeba watu kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Mwezi wa 10 mwaka huo huo, Uganda ilitia sahihi mkataba wa reli mpya ya kilomita 272 kutoka Malaba mpaka Kampala. Katika mipango yao kuna pia tawi la kupita Gulu na Pakwach mpaka mpakani Goli, ng'ambo ya Mahagi yetu. Ndiyo maana watu wa Bunia wanaulizana: na siye, lini?

Swali ni zuri. Ila tunaona kuna lingine la kutangulia: siku treni itafika Goli, itabeba nini kutoka kwetu?

Tukumbuke Vicicongo. Wakati wa Wabelgiji, reli hiyo nyembamba ya sentimita 60 ilitoka Aketi, ikapita Buta na Isiro, na mwaka 1937 ikafika Mungbere. Kazi yake ilikuwa kupeleka pamba na kahawa kwenye maboti ya mtoni. Kuunganisha miji yetu haikuwa shida yao, na Bunia haikufikiwa hata siku moja. Matengenezo yalipokosekana, treni zikanyamaza, majani yakafunika vyuma. Hata reli ya zamani ya Uganda ilifika Pakwach mwaka 1964, karibu kabisa na sisi. Je, mkulima wa Djugu alipata nini pale? Reli kuwa karibu haitoshi kama mzigo hauwezi kuifikia.

Na mzigo wetu unakwama wapi? Tunajua wote. Barabara ya taifa namba 27, ya kwenda Mahagi, na ile namba 4, ya kwenda Mambasa mpaka Kisangani, zina matope, zina bariera, na usalama haujatulia. Lakini shida inaanza hata mbele ya pale: kilomita 10 au 15 kati ya shamba na barabara kubwa. Daraja la miti likivunjika, kamio haiingii. Kinabaki kichwa cha mama, vilo ao moto. Kabichi inaoza, maharagi yanauzwa kwa bei ya mnunuzi aliyefika peke yake.

Tusisahau pia kwamba treni inatembea pande mbili. Ikifika mpakani wakati njia zetu za shamba zingali zimekufa, itatuletea unga na mchele wa mbali kwa bei ya chini, na mayindi yetu yatabaki gralani. Reli inayomsaidia mwenye duka tu haitamlisha mkulima.

Kwa hiyo tunasema koperative zianze sasa, na yale yaliyo mikononi mwao.

Kwanza, tukusanye mzigo pamoja. Wanachama 40, kila mmoja akileta magunia 3 ya kilo 100, ni tani 12: hiyo ni mzigo wa kamio nzima. Moto inayobeba magunia 2 ingefanya safari 60. Mwenye kamio atajadiliana bei na watu wenye tani 12. Mwenye gunia moja anaambiwa tu.

Pili, tuandike. Kila msimu, kilo ngapi zilitoka, ngapi zilioza njiani, tulilipa nini kwa kila bariera. Siku wakubwa wanapanga vituo na barabara, daftari hilo litasema kuliko malalamiko.

Tatu, kamati za kutunza barabara zifufuke: kuzibua mifereji mbele ya mvua, kufunga njia kwa kamio nzito wakati wa matope. Na tudai haki yetu. Katika kila lita ya mafuta kuna pesa ya FONER, mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara. Mkulima anailipa ndani ya bei ya usafiri. Ni halali aulize sehemu gani inafika kwenye njia ya kijiji chake.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwenye mkutano wenu ujao, wekeni jambo hili kwenye ajenda: daraja gani moja tunaweza kutengeneza mbele ya mavuno, na nani ataleta miti?